Betri mbili za boti: kwa nini zote huisha kufikia asubuhi

Ndugu, umeeleza kuwa boti yako ya matembezi katika Bwawa la Mtera ina betri mbili, lakini ukitumia taa na redio usiku, asubuhi injini haiwaki. Inaelekea betri hizo hubaki zimeunganishwa hata injini ikizimwa. Fungia boti rilei (swichi ya umeme inayojiendesha yenyewe) inayoziunganisha pale tu volteji inapofika takribani 13.3, dalili kwamba injini inachaji, na kuzitenganisha ikishuka karibu na 12.8, ili betri ya kuwashia injini isiguswe na matumizi ya usiku. Weka fyuzi karibu na ncha chanya ya kila betri. Hili naomba sana usilipuuze, kwani waya mnene ukipiga shoti huweza kuteketeza boti. Iwapo mojawapo ni ya lithiamu, usiziunganishe hivyo kabla fundi umeme mzoefu hajazikagua.