Jibu: Kuchora ramani ya mikoko bila droni

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kupima mikoko ya Mkanda, ule mkondo wa bahari wa Lamu, bila kununua droni. Waweza. Anza na picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya. Ni za bure, hupatikana kila siku 5 hivi, kitone kimoja cha picha ni mita 10 kwa 10 za ardhi. Majani mabichi hurudisha sana mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, maji huumeza, ndiyo maana msitu hung'aa na mkondo huwa mweusi.

Ila angalia maji! Setilaiti hupita kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa hizo kwetu maji yamekupwa, tope li wazi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, saa hizo yamejaa, miche imefunikwa. Mimi nililinganisha picha za namna mbili, nikapiga kelele msitu umekatwa. Aibu hiyo!

Kisha shuka topeni na simu, uweke alama za GPS. Setilaiti itakwambia pana kijani, lakini kutenganisha mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, mtafute mzee mkata boriti. Droni iache kwanza, nayo yataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.