Sungura kuzurura ndani ya nyumba: nyaya, kochi, sakafu na mengineyo

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Sungura wako ana miezi mitano, amechoka na kizimba, unataka awe anazunguka ndani kwa uhuru. Na umeambiwa ukipaka nyaya pilipili atakoma kuzitafuna. Nimefuga sungura wa ndani kwa miaka, na hawa wawili nilionao sasa hawana kizimba kabisa, kwa hiyo vumilia jibu lenye urefu.

Pilipili usiitegemee, wala zile dawa chungu za kupulizia. Tazama sungura anavyoshughulikia waya: haugugunyi kama panya. Anausogelea, anaunusa, kac! Mkato mmoja, anaendelea na safari yake. Akija kuuonja huo ukali, waya umeshakuwa vipande viwili. Tena wapo wanaoizoea ladha hiyo, na ikishakauka unatakiwa upake upya. Hiyo ni kazi isiyoisha.

Watu husema anatafuna nyaya kwa sababu meno yanamsumbua. Ni kweli meno yake hayaachi kukua, ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki, lakini kinachoyasaga vizuri ni nyasi anazotafuna mchana kutwa. Mimi naona waya ni suala la njia. Sungura wote wa kufugwa wametokana na sungura wa porini wa Ulaya, wanaoishi kwenye mashimo, na kwenye shimo mzizi uliokatiza njia hukatwa ili siku ya kukimbia adui njia iwe nyeupe. Waya mwembamba uliolala sakafuni kwake ni mzizi tu. Ukilielewa hilo unaacha kugombana naye. Kumchapa au kumfokea hakumfundishi chochote zaidi ya kukuogopa wewe.

Kwa hiyo dawa ni kuuondoa waya kwenye njia yake, na kwenye njia yake maana yake ni popote anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma au akiruka. Kuuficha nyuma ya kabati la TV hakusaidii, maana nyuma ya kabati ndiko anakopapenda kuliko kote: pana giza, pembamba, na mtu haingii. Nyaya za kudumu zipitishe kwenye trankingi ngumu ya plastiki iliyogongelewa ukutani, ile wanayotumia mafundi umeme. Zinazobaki zivalishe bomba gumu, au mpira mnene wa maji uliopasuliwa kwa urefu. Yale mabomba laini yenye mikunjo huwa yanatobolewa baada ya muda, kwa hiyo uwe unayakagua. Ekstensheni iweke ndani ya boksi lenye mfuniko, au ining'inize juu ukutani. Kisha nyuma ya kabati paziba kabisa kwa ubao au paneli za wavu.

Chaja za simu ni shida ya peke yake, kwa sababu zinahama. Leo iko mezani, kesho imening'inia kitandani. Hapa hakuna kifaa kitakachokuokoa ila mazoea: chaja ikimaliza kazi inachomolewa na kuingia kwenye droo, na kila anayeishi humo ndani, pamoja na wageni, aijue sheria hiyo. Kwangu zilizopotea nyingi ni za wageni.

Na akiuma waya wenye umeme? Usimguse kabla ya kuzima swichi, ikibidi zima ya nyumba nzima. Akiwa hai na anaonekana mzima, bado mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Umeme huunguza mdomo kwa ndani, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye wakati wewe umeshashukuru Mungu na kulala.

Hatari ya pili kwangu, ambayo watu huidharau, ni kochi. Lipindue uone chini yake: makochi mengi yana kitambaa chepesi kilichobanwa kwa pini. Sungura anakichana kwa kucha, anapanda ndani, anajitengenezea chumba katikati ya sponji na spring. Wewe unakuja kukaa. Sihitaji kumalizia. Funga sehemu yote ya chini kwa ubao mwembamba, au tafuta kochi lenye miguu mirefu ambalo anapita chini bila kupata pa kushika. Viti vile vya kulaza, vinavyonyanyua miguu kwa chuma cha kukunja, mimi siviruhusu kabisa kwenye chumba cha sungura. Vyuma vile vikijikunja vinambana papo hapo.

Halafu kuna sponji yenyewe. Sungura hawezi kutapika, maumbile yake hayamruhusu. Alichomeza lazima kipite mpaka mwisho, na sponji, mpira, nyuzi za zulia na plastiki laini vinaweza kukwama njiani. Vitufe vya rimoti na soli za ndala wanavipenda ajabu, hata sijui kwa nini. Kwa hiyo kitu muhimu kuliko vifaa vyote ni wewe kuyajua mavi yake. Yakiwa makubwa, ya duara na mengi, mambo ni mazuri. Yakianza kuwa madogo, yakashikana kwa nywele kama tasbihi, au yakakosekana, hapo kuna jambo. Sungura ambaye hajala wala kunya kwa saa kama 12 ni mgonjwa wa dharura, si wa kusubiri tuone asubuhi. Tumbo lake likisimama, gesi inajaa, anaumwa, maumivu yanamzuia kula, na kutokula kunalisimamisha tumbo zaidi.

Sakafu sasa. Paka na mbwa wana vifuko vya nyama chini ya nyayo, sungura hana. Ana manyoya tu. Kwenye vigae au sementi iliyong'arishwa anateleza, miguu inaachana. Ubaya wake ni kwamba ana misuli mikubwa ya nyuma kwenye mifupa myepesi: mifupa yote ya sungura ni kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, wakati ya paka ni kama 12 hadi 13. Akishtuka akapiga teke huku ameteleza, au huku amebebwa vibaya, anaweza kujivunja uti wa mgongo yeye mwenyewe. Tandika mikeka au mazulia yenye nyuzi fupi kwenye njia anazopita, si lazima nyumba nzima. Utaziona njia hizo baada ya siku chache, maana ana barabara zake na haziachi. Zulia la manyoya marefu au la vitanzi liepuke, kucha hunasa. Na mchunguze: wapo wanaokula zulia lenyewe. Wa namna hiyo mtandikie mkeka mgumu asioweza kuuchambua. Sakafu tupu na ngumu muda wote nayo humletea vidonda vya visigino.

Kuna jambo moja halina kifaa: miguu yenu. Sungura hatoi sauti anapotembea, na mbele kabisa ya pua yake haoni, ingawa pembeni na nyuma anaona karibu kote. Atakuwa miguuni pako unapogeuka na sufuria la maji moto, atakuwa mlangoni unapoufunga kwa haraka. Jikoni basi asiingie, weka kizuizi. Milango iwekee kitu kinachozuia isijibamize na upepo. Watoto wadogo wakae chini ndipo wamshike, wasimbebe wakiwa wamesimama.

Vizuizi viwe na urefu wa sentimita 90 hivi. Wapo wanaoridhika na kimo cha chini, lakini hujui wako ni wa aina gani mpaka usiku atakapokuonyesha. Nafasi za chini zipime kwa kichwa chake: kikipita, mwili nao utapita. Nyuma ya friji na mashine ya kufulia paziba vizuri, kuna joto, nyaya na mipira ya maji kwa pamoja. Kama una roshani, usimwache huko peke yake hata kama ina nondo. Ngazi za vigae hupanda kwa furaha, kushuka ndiyo balaa.

Sumu nitapita haraka. Majani ya parachichi, oleanda, mshubiri, vitunguu vya aina zote, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, pamoja na yale maua ya vyungu yenye majani mapana yenye mabaka, yasikae anapofika. Na mmea usioujua uhesabu kuwa ni sumu mpaka uthibitishe. Sumu ya panya isiwekwe humo ndani hata kidogo. Dawa za viroboto za mbwa na paka zenye fipronil zinaua sungura, kwa hiyo kama una paka aliyepakwa dawa hiyo, watenganishe. Nyumba ikiwa ya zamani, rangi inayobanduka ukutani inaweza kuwa na risasi, na sungura anapenda pembe za kuta. Zibandike ubao au vigae.

Joto nalo ni la kuangalia, hasa kwa vile hatatoka nje kujitafutia kivuli. Anastarehe kati ya nyuzi 15 na 21 hivi. Ikifika 28 na kuendelea anza kumsaidia: chumba chenye hewa, kigae cha baridi cha kulalia, chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Masikio ndiyo yanayompoza, ukiyashika yana moto na yeye anahema kwa mdomo, huyo yuko hatarini tayari.

Sasa umri wa huyo wako. Miezi mitano ndiyo balehe yenyewe. Mambo mengi utakayodhani ni tabia mbaya, kukojoa kochini, kuchimba, kukuzunguka miguuni akikoroma, ni homoni. Dume huweza kuhasiwa kuanzia kama miezi minne, jike kutolewa kizazi kama miezi mitano au sita, kwa daktari anayewajua sungura hasa. Kwa jike mimi silioni kama hiari, maana majike wasiotolewa kizazi hupata saratani ya mji wa mimba kwa wingi sana wakizeeka. Baada ya hapo choo chenyewe ni rahisi: trei kubwa kwenye kona ambayo ameshaichagua mwenyewe, chini vipande vya karatasi au punje za karatasi, na nyasi kavu upande mmoja, kwa sababu anapenda kula huku anakunya. Usitumie mchanga wa paka unaoganda ukilowa, wala pumba za msonobari au mwerezi. Punje mbili tatu za mavi nje ya trei ni alama ya mipaka tu, zifagie muishi kwa amani.

Kuzuia peke yake hakutoshi. Atachimba, hiyo ni lazima, kwa hiyo mpe boksi kubwa la kadibodi lenye karatasi zilizochanwa na nyasi ndani, lenye milango miwili ili asijione amebanwa. Ondoa gundi ya utepe na pini kwanza. Mpe matawi ya mtofaa yasiyopuliziwa dawa. Akiwa ameng'ang'ania pembe moja ya ukuta, weka hilo boksi palepale penye pembe, usimwekee upande wa pili wa chumba ukitegemea atahamia huko. Wangu waliacha kuchimba zulia nilipoweka kigae kizito juu ya kona waliyoipenda na sanduku la kuchimba pembeni yake.

Anza na chumba kimoja, wewe ukiwemo, tena alfajiri na magharibi, maana huo ndio wakati wake wa fujo. Ukimpima saa nane mchana amelala utadhani umemaliza kazi. Kabla hujamfungulia, lala kifudifudi ukizunguke chumba chote ukitazama kwa urefu wa macho yake. Utaona vitambaa vinavyoning'inia, sarafu, mifuko ya plastiki, na waya mmoja ambao hukuwa unajua kama upo. Chumba cha pili mfungulie pale cha kwanza kitakapokuwa hakina tena kitu cha kukukurupusha.

Usiku na ukiwa haupo, mzungushie paneli za wavu eneo kubwa lenye trei, maji na nyasi, angalau mpaka ahasiwe na umjue. Mimi, pamoja na uzoefu wote, sungura wangu hawa wawili hulala kwenye chumba chao mlango umefungwa. Watu wa uhuru saa 24 watanipinga, sawa, lakini napenda kulala usingizi.

Kama unaweza, piga picha nyuma ya TV yako na chini ya kochi uweke hapa, tutakuambia pa kuanzia.