Moyo wa panya, chakula chake na joto la kizimba

Nimesoma kuwa moyo wa panya mdogo wa maabara hupiga karibu mara 600 kwa dakika. Ndivyo alivyoumbwa?

Si maumbile peke yake, baridi imo. Vyumba vingi vya panya huwekwa kwenye nyuzijoto 20 hadi 24 kwa kuwa hapo ndipo wahudumu, waliovaa makoti na glavu, wanapofanya kazi bila kutoka jasho. Panya wa gramu 25 yeye hustarehe kwenye nyuzi 30 hivi. Ngozi yake ni kubwa mno kwa mwili mdogo kama huo, joto humtoka upesi. Kwenye nyuzi 22 neva za simpathetiki, zile zinazouharakisha mwili, humchochea usiku na mchana, mafuta ya kahawia, aina ya mafuta ya mwilini ya kutoa joto, huunguzwa ili apate joto, na moyo hukimbia. Mhamishie kwenye 30: mapigo hupungua kwa zaidi ya 100, shinikizo la damu hushuka, na neva ya vagasi, ile inayoutuliza moyo, hushika hatamu.

Tunawapa chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake ni mafuta, lakini moyo hauonyeshi madhara makubwa. Tumekosea wapi?

Huenda sehemu kubwa ya chakula hicho inaishia kwenye kujipasha joto. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa panya wasio na UCP1, protini inayoyawezesha mafuta ya kahawia kutoa joto, hunenepa wakikaa kwenye nyuzi 30. Kwenye baridi unene huo ulikuwa hauonekani.

Pia msitazame nguvu ya kusukuma damu tu. Pimeni jinsi ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, inavyolegea na kujaa, maana huko ndiko athari ya mafuta hujitokeza mapema. Na hao panya wa kulinganisha wanakula nini? Kama ni chakula cha kawaida chenye soya, ulinganisho wenu una walakini: panya dume wenye ugonjwa wa kurithi wa msuli wa moyo walionekana kuzidiwa kwa chakula cha soya.

Nilimfungisha panya, yaani nilimnyima chakula, usiku kucha. Asubuhi kifaa kilichopandikizwa mwilini kilionyesha mapigo machache ajabu. Kimeharibika?

Sidhani. Panya mwenye njaa kwenye baridi hubana matumizi: hujikunja kama mpira, manyoya yamesimama, ukimshika mkononi ni wa baridi na hujikunjua polepole sana. Hali hiyo huitwa topa. Joto la mwili hushuka na moyo hufuata. Kwa hiyo "athari ya kufunga" uliyoipima ni ya njaa na baridi kwa pamoja. Rudia jaribio kwenye nyuzi 30 kabla hujaandika lolote.

Basi vizimba vyote tuvipeleke kwenye nyuzi 30?

Si lazima. Wapeni karatasi za kutosha kujengea kiota, na msimweke panya peke yake bila sababu, kwani hupashana joto kwa kulaliana. Kisha andikeni kwenye ripoti nyuzijoto za ndani ya kizimba, si zile za kipimajoto cha ukutani.