Re: Vietnam yote ni mpunga na mvua?
Mkuu umeuliza kama Vietnam yote ni mpunga na mvua, hapana aisee, cheki uliokuwa mkoa wa Ninh Thuận, pwani ya kusini huko, milima imekinga mvua mpaka ndo sehemu kavu kuliko zote nchini. Watu wanalima zabibu, wanafuga kondoo na mbuzi, na Cà Ná wanaanika maji ya bahari kwenye majaruba mpaka inabaki chumvi tupu. Ila kilichonikosha mimi ni wafinyanzi wa Kicham, kabila la huko, pale kijiji cha Bàu Trúc, hawana gurudumu, mama anaweka udongo juu ya kitu kama kigoda halafu yeye mwenyewe ndo anazunguka chungu, kinyumenyume, huku anakifinyanga. Kwenye ramani mpya lakini Ninh Thuận utaikuta ndani ya mkoa wa Khánh Hòa, waliiunganisha Julai 2025.