Risasi moja moja au mfululizo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni askari wa wanyamapori, nimemaliza mafunzo mwaka huu. AK tulizopewa zinaweza kumimina risasi, lakini mkufunzi alitukataza kabisa kutoka kwenye moja moja. Kama otomatiki haina kazi, iliwekwa ya nini? Na nyati akinijia, si afadhali nimimine?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Mkufunzi wako yuko sahihi, na ningependa ujue sababu zake, maana amri usiyoielewa utaivunja siku ya hofu.

Bunduki nusu otomatiki hutoa risasi moja kila unapovuta triga, kisha yenyewe hutupa ganda na kujipakia nyingine. Otomatiki, ukishikilia triga, huendelea mpaka uachie au magazini iishe. Jina lisikuchanganye: bastola ya Colt M1911 imeitwa otomatiki miaka mingi, kumbe inatoa moja moja.

Sasa piga hesabu. AK hufyatua kwa kasi ya risasi 600 hivi kwa dakika, yaani 10 kila sekunde. Magazini ya 30 inakwisha kwa sekunde 3. Ukiwa na magazini nne kifuani, umebeba sekunde 12 tu, na baada ya hapo unashika rungu. Kwenye doria, mwendo wa siku mbili kutoka kwenye gari, nani atakuletea nyingine?

Halafu kuna mtutu wenyewe. Kila risasi inakusukuma bega na kuuinua mtutu, na kwenye mfululizo hupati nafasi ya kuurudisha. Nimesimama nyuma ya vijana wengi wakijaribu kwa mita 50. Risasi ya kwanza inakaa kifuani mwa karatasi, ya pili inachana bega, ya tatu hatuioni popote, imepita juu ya tuta. Uwanjani kuna tuta na bendera nyekundu. Porini, ile ya tatu inaweza kumkuta mchungaji au mwenzako.

Majeshi makubwa yamelijifunza hili kwa gharama. Bunduki ya M14 ya Marekani ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mfululizo wake haukushikika, na nyingi ziligawiwa zikiwa zimefungwa kwenye moja moja. Baada ya vita vya Vietnam, bunduki yao nyingine, M16A2, ikaondolewa mfululizo kamili, ikabaki na mkupuo wa risasi tatu, ingawa baadaye bunduki ya M4A1 iliurudisha mfululizo. Waingereza walikwenda vitani kwenye visiwa vya Falklands mwaka 1982 na SLR, bunduki ya moja moja tu, dhidi ya Waargentina waliokuwa na FAL, ndugu yake yenye otomatiki. Waingereza walishinda.

Usinielewe kwamba mfululizo ni bure. Mkiviziwa kwa hatua chache na mnatakiwa kujinasua, mikupuo mifupi huwafanya waliowavizia wainamishe vichwa mpate kutoka. Lakini kazi hiyo hasa ni ya bombomu, yaani bunduki ya rashasha, kama PKM: ina miguu miwili ya kuituliza, mkanda wa risasi badala ya magazini, na mtutu unaobadilishwa ukipata moto. Mmoja anawalaza adui chini, wenzake wanasogea wakilenga. Bunduki yako nyepesi haikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Kuhusu nyati, tatizo ni uzito wa risasi, wala si wingi wake. Risasi ya AK ina gramu 8 hivi. Wawindaji wa nyati hutumia bunduki kubwa ya .375, yenye risasi ya gramu 19 hivi. Ukimmiminia nyati za AK, nyingi zitampita au kumjeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa atamsubiri kichakani mtu atakayefuata. Dawa yake ni umbali, upepo na kumwona mapema, na awepo mwenzako mwenye bunduki kubwa.

Jambo la mwisho, chunguza swichi ya AK yako. Juu ni sefti, katikati ni mfululizo, chini kabisa ni moja moja. Aliyeshikwa na hofu akiibamiza mpaka mwisho, anaangukia moja moja. Wewe fanya hivyo kwa makusudi. Jioni, mbele ya mkufunzi, bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, laza sarafu juu ya mtutu, vuta triga taratibu. Ukiweza mara ishirini bila sarafu kuanguka, niandikie tena.