Niwaue bakteria wa utumboni ili moyo upone?

SWALI: Nimesikia bakteria wa utumboni hutengeneza kitu kinachoharibu mishipa ya moyo. Si bora ninywe antibayotiki niwamalize?

JIBU: Usithubutu. Kitu hicho ni TMAO. Nyama nyekundu ina kirutubisho kiitwacho karnitini, kiini cha yai kina kingine kiitwacho kolini. Kiasi kisichofyonzwa huliwa na bakteria, nao hutoa TMA, gesi yenye harufu ya samaki aliyeoza. Gesi hiyo huingia kwenye damu, ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa TMAO. Mwaka 2013, watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, waliripoti kuwafuatilia wagonjwa zaidi ya 4,000 kwa miaka 3. Waliokuwa na TMAO nyingi ndio waliokumbwa zaidi na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo. Lakini usiwabebeshe bakteria lawama zote: figo ndizo huitoa TMAO mwilini, kwa hiyo figo zikidhoofika hupanda yenyewe. Hata samaki wa baharini huja na TMAO yake, kwa hiyo kipimo cha saa chache baada ya kumla hakina maana.

Antibayotiki ilijaribiwa katika utafiti huohuo. Baada ya wiki 1 ya dawa TMAO ilikaribia kutoweka. Mwezi mmoja baada ya kuacha, ilikuwa imerudi. Na dawa haichagui: huua pia bakteria wanaogeuza nyuzinyuzi kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, awe mwangalifu zaidi, maana kwa baadhi ya watu bakteria huipunguza nguvu dawa hiyo. Wakiuawa ghafla, dozi ileile inaweza kugeuka sumu.

Badala yake punguza nyama nyekundu, ule nyuzinyuzi angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina karibu nusu ya hizo.

SWALI: Nikila maharage tumbo hujaa gesi. Niache?

JIBU: Usiache, ulianza kwa pupa. Gesi hutoka kwa sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga, zikafika nzima kwa bakteria wa utumbo mpana. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya hadi yalainike kabisa. Wiki ya kwanza kula vijiko 2 au 3 tu kwa siku, kisha ongeza kidogo kila wiki. Kunywa maji ya kutosha, la sivyo utafunga choo.