Halipwi, lakini kibali lazima: mtoto wa miaka 6 kwenye tamthilia England

Dada, umesema mwanao wa miaka 6 amepata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni huko England, siku 6 za kurekodi, na mtayarishaji anadai kwamba kwa kuwa halipwi, kibali cha mtoto kuigiza hakihitajiki. Usikubali. Kwa maigizo kama haya, Sheria ya Watoto na Vijana ya mwaka 1963 haiulizi kama mtoto analipwa. Inauliza kama watazamaji wanatoa kiingilio, au kama kazi inarekodiwa ili ionyeshwe kwa umma. Msamaha wa kibali upo kwa mtoto ambaye hajashiriki zaidi ya siku 3 katika miezi 6 iliyotangulia, ila akikosa shule tu, msamaha umekufa. Siku 6 haziingii humo kabisa.

Mimi ni mwangalizi wa watoto kwenye kazi hizi, nimeidhinishwa na halmashauri, na naruhusiwa kusimamia watoto wasiozidi 12 kwa wakati mmoja. Kazi yangu kubwa ni saa na daftari: mtoto kafika saa ngapi, kaingia mbele ya kamera saa ngapi, kapumzika lini. Kwa umri wa mwanao, miaka 5 hadi 8, mwisho ni jumla ya saa 8 kwa siku kwenye eneo la kazi, na ndani yake kuigiza na mazoezi visizidi jumla ya saa 3.

Jioni moja nilikuwa na binti wa miaka 7. Saa zake 3 zilikwisha huku muongozaji akiomba "mara moja tu, dakika kumi". Mtoto alikuwa anajifikicha macho kwa mkono wa sweta, hata jina la mhusika wake limempotea. Nilimvisha koti tukaondoka. Walininunia wiki nzima, na ningefanya vilevile kesho. Bila kibali, yule mtoto asingekuwa na mtu pale mwenye mamlaka ya kusema basi.

Kibali huombwa na mtayarishaji kwenye halmashauri ya mahali mtoto anakoishi. Wewe unasaini sehemu ya mzazi, unatoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, na shule inaandika barua. Hakina ada, kwa hiyo asikuambie habari ya gharama. Aombe sasa, maana maombi yakifika chini ya siku 21 kabla ya kazi, halmashauri inaweza kuyakataa. Na ukipata ruhusa kazini kwako, nenda naye mwenyewe: mzazi hahitaji kuidhinishwa ili amsimamie mwanawe.